Piko Kwenye Mkono wa Ghanim

Pale sokoni Mchikichini, upande wa viatu, ukimuulizia Mbaruku utaonyeshwa kijana mrefu mwembamba mwenye mswaki sikioni, kama fundi seremala anavyochomeka penseli. Mswaki si wa meno, ni wa kusugulia soli. Mbaruku anachukua raba iliyotoka kwenye belo la mitumba imejikunja kama chapati ya jana, anaiosha, anaijaza magazeti, anaipaka chaki, na jioni ukipita unaapa imetoka dukani na boksi lake. Shule aliacha kidato cha pili. Hakufukuzwa wala hakufeli, alichoka tu kukaa. Mwili wake haukai. Hata kula anakula amesimama.

Na ukimuuliza Mudi, muuza mabegi wa meza ya jirani, atakuongezea la pili bila kuombwa.

"Huyo jamaa ana wivu, we acha tu. Mkewe akicheka na muuza mkaa, mwezi mzima kwao wanapikia gesi."

Mudi anatania, lakini hayuko mbali.

Mke mwenyewe anaitwa Sitara. Kabla ya mambo ya chuo, Sitara alikuwa mchoraji wa piko na hina, na Kariakoo nzima bibi harusi anayejielewa alikuwa anamtaka yeye. Ana mstari wake. Wachoraji wengine wanajaza maua mpaka mkono unafanana na pazia. Sitara anaacha nafasi, mstari unapita peke yake unajipinda kama moshi wa ubani, na mwisho wa kila mstari anamalizia na nukta tatu ndogo kama mbegu za ufuta. Ukiziona nukta zile huna haja ya kuuliza nani kachora. Mbaruku alimpendea hapohapo kwenye kazi. Alipeleka viatu vya bibi harusi mmoja Mtaa wa Sikukuu, akamkuta binti ameinama juu ya mguu wa mtu, ncha ya ulimi imetokeza pembeni ya mdomo, anachora hata hapumui. Viatu akaviacha, na roho yake akaiacha palepale.

Wakaoana, wakapanga chumba Buguruni. Sitara alipopata nafasi chuo cha uuguzi, Mbaruku ndiye aliyempeleka siku ya kwanza, kifua mbele, anawatangazia mpaka watu wa bodaboda: "Nampeleka nesi huyu, nipisheni."

Kilichokuja kumtesa Sitara si damu wala sindano. Ni majina. Kila kiungo cha mwili kina jina la nyumbani na jina la hospitali, na mtihani unataka la hospitali. Ini ni hepa-nini, figo ni nefro-nini, nyongo ni kole-nini, halafu kila jina linavishwa mkia: mkia huu ugonjwa, mkia ule upasuaji. Anameza jioni, asubuhi yamevuja yote kama maji kwenye pakacha. Jaribio la kwanza akafeli. La pili akafeli vizuri zaidi.

Siku ya hilo la pili alirudi, akakaa kitandani anakoroga piko ya harusi ya watu. Mara akanyanyua kichwa.

"Vua shati."

Mbaruku akaangalia mlango. "Mchana wote huu?"

"Vua shati wewe. Nataka ini."

Ikawa hivyo. Kichwa cha Sitara kilikuwa hakishiki kitu mpaka mkono wake upite kwanza. Akamlaza mume chali, akamchora ini chini ya mbavu, anazungusha ukingo taratibu huku anataja jina kwa sauti. Akachora kifuko cha nyongo kimejificha chini yake, akachora tumbo, wengu upande wa pili. Kesho yake akamgeuza, akamwekea figo mgongoni.

"Itisi ni moto, kitu kimewaka kimevimba. Ini likiwaka, hepataitisi," anasema, na kijiti cha piko kinapita, cha baridi, Mbaruku anasisimka mpaka vidole vya miguu. "Ektomi ni kukata na kutoa. Ostomi ni kutoboa tundu. Tulia bwana, umenipindisha kongosho."

Piko ikishika ngozi haitoki leo wala kesho. Mbaruku akawa anaenda sokoni na ramani chini ya shati, na siku zile zilikuwa tamu kuliko za fungate. Siku moja joto limemzidi, akapandisha fulana ajipepee, Mudi akaona.

"Oya! Wamekuchora kama ng'ombe wa bucha! Nipimie maini nusu!"

"Mke wangu anasomea hapa," Mbaruku akajipiga ubavuni. "Mimi ndo daftari."

Lakini daftari haliulizi maswali. Sitara alihitaji watu wa kujibizana naye, na hapo kikazaliwa kikundi cha watu watatu: yeye, Clotilda na Ghanim. Clotilda ni binti wa Morogoro, sauti kama ya dalali wa mnadani, huyo Mbaruku hakuwa na tabu naye. Sasa Ghanim. Ghanim ni mtoto wa familia ya Kiarabu ya Mchafukoge, wana duka la vitambaa chini na wanaishi ghorofani juu yake. Na nyumbani kwao kulikuwa na kitu ambacho wenzao chuoni walikisikia tu: mdoli wa plastiki wa kiwiliwili, unafunguka kifua na tumbo, viungo vinatoka kimoja kimoja na kurudishwa. Mjomba wake alimletea kutoka Muscat. Kwa hiyo diskasheni ikawa inafanyika kwao, Jumamosi baada ya Alasiri, sebuleni, mama yake Ghanim, Bi Mauza, akiwepo palepale anapepeta mchele.

Yote hayo Sitara alimwambia mumewe, hakumficha. Mbaruku akasema sawa. Jumamosi ya kwanza akaenda kumchukua, akapanda ngazi, na pale mlangoni, kabla hata hajapiga hodi, akasimama.

Viatu. Watu wengine mlangoni wanaona viatu, Mbaruku anaona watu. Sandali za Sitara, alizomchagulia yeye kwa mkono wake kutoka kwenye belo, zilikuwa zimelala ubavu kwa ubavu na moka pana za kiume. Mkanda wa sandali umepanda juu ya moka, umetulia, kama mkono wa mtu aliyepitiwa na usingizi. Na ndani, sauti ya kiume inasema neno refu la hospitali, Sitara anacheka. Linasemwa neno lingine, anacheka tena.

Mbaruku hakujua kinachochekesha ni nini, na hapo ndipo palipomchoma. Mtu akimtongoza mkeo kwa Kiswahili unajua pa kuanzia. Akimchekesha kwa lugha ya ini na wengu, utamkamata wapi?

Toka siku hiyo jina la Ghanim likawa linaingia kwenye sahani. "Ghanim ana njia rahisi ya kukumbuka mishipa." "Ghanim kasema wodini wanauliza hivi." Mbaruku anatafuna, anasimama, anakaa kidogo, anasimama tena. Usiku akilala anajishika lile ini lake la piko, limeanza kufifia, na Sitara hajasema atalirudia lini.

Ikafika Jumatatu moja, jua la saa saba, Mbaruku ameinama anafunga kamba za raba.

"Mambo, shem!"

Akaziona moka kabla ya kumwona mtu. Moyo ukamwambia ndiye. Akanyanyua macho polepole: kijana mweupe, ndevu zimechongwa, shati limepigwa pasi mpaka kwenye mikono.

"Mimi Ghanim, nasoma na Sitara. Anakusifia kwetu kila siku, eti mume wangu ndo mwenye viatu safi Mchikichini nzima. Natafuta vyeusi vya wodini, visivyopiga kelele."

Mstaarabu, huo ndio ulikuwa ubaya wake. Hana hata neno moja la kumshikia. Mbaruku akatoa jozi moja nyeusi, ngozi safi, soli laini, akampa. Ghanim akachomeka mkono ndani ya kiatu kupapasa, akautoa, akageuza kiganja chini.

Mgongo wa mkono wake ulikuwa umechorwa. Mifupa yote, kuanzia kifundo mpaka kwenye kucha, kila mfupa umezungushiwa mstari mwembamba unaojipinda kama moshi. Na kwenye ncha ya kila kidole, nukta tatu.

"Hii nini?" Mbaruku akauliza.

"Aaa, hii! Mifupa ya mkono, shem. Ilikuwa inanitoa jasho. Mkeo kanichorea, sasa haipotei tena. Ona: skafoidi, lunati..." Akawa anaigusa mmoja mmoja, anacheka mwenyewe. "Sitara ni noma, wallahi."

Kwa watu wa pwani mwanaume anaguswa na hina siku yake ya kuoa, tena kidogo tu, na bado wenzake wanamtania. Mwanamke anayeinamia mkono wa mwanaume na kijiti cha piko, pumzi yake inapita juu ya ngozi ya huyo mwanaume, hatakiwi kuwa mke wa mtu mwingine. Mbaruku aliiona picha yote: kichwa kimeinama, ncha ya ulimi pembeni ya mdomo.

"Viatu hivi havikutoshi," akasema.

"Mbona sijavivaa? Nina arobaini na mbili, na hivi..."

"Nimesema havikutoshi, bwana."

Ghanim akabaki na kiatu mkononi. Akakirudisha taratibu, akasema haya shem, siku nyingine, akaondoka. Mudi alikuwa ameacha kazi zake zote.

"We umekataa mteja? Wewe? Unaumwa?"

Mbaruku akavitupa vile viatu vyeusi chini ya meza.

Jioni Buguruni hakungoja hata salamu.

"Ulimshika mkono."

Sitara alikuwa anasonga ugali. "Nani?"

"Usiniulize nani. Nimeziona nukta zako."

Mwiko ukasimama. Sitara akashusha pumzi, akageuka. "Nilimchora, ndiyo. Na Clotilda nilimchora mguu mzima, paja mpaka kidole gumba. Mbona huulizi mguu wa Clotilda?"

"Ulimshika mkono."

"Nilivaa glavu."

"Glavu!"

"Glavu za chuo. Na Bi Mauza kakaa hapohapo, yeye ndo kanishikia kibakuli cha piko. Sasa?"

Mbaruku akazunguka chumba, na chumba chenyewe hakizunguki, ni kitanda na kabati. "Kwa hiyo yeye anavaliwa glavu kama waziri. Mimi unanichora hivihivi."

"We mume wangu, nikuvalie glavu ya nini?"

Hilo lilikuwa jibu zuri, na siku nyingine lingemlainisha. Siku hiyo halikupita.

"Husomi tena kule. Utasoma hapa."

"Mbaruku." Sitara akakaa chini, kwenye kigoda, na aliposema tena sauti ilikuwa ndogo. "Wiki ijayo Jumatatu ni praktiko. Mtahini anamlaza mtu mzimamzima, anakwambia onyesha, taja, sema ukikuta ugonjwa huu wanafanya upasuaji gani. Nimeshafeli mawili. Nikifeli hii wananitoa darasani. Mdoli uko kwao Ghanim, siwezi kuubeba. Nani atanisomesha hapa?"

"Mimi."

"Wewe?"

Hakulisema kwa dharau. Lilimtoka tu. Lakini neno lile, wewe, lilimwingia Mbaruku palepale kwenye ini la kuchorwa.

"Mimi. Majina yote hayo ninayo hapa," akajipiga ubavu. "Jumamosi twende wote. Aulizwe yeye, niulizwe mimi. Nikimshinda, diskasheni basi, unasoma na mimi hapahapa. Akinishinda, sisemi tena mpaka unamaliza chuo."

"Usicheze na mtihani wangu."

"Sichezi."

Sitara alimjua. Mume wake ukimfungia mlango anauvunja, ukimwachia wazi anaweza kupita mwenyewe, hasira zikaishia huko. "Neno lako?"

"Neno langu."

Ikawa wiki ya ajabu pale Mchikichini. Mbaruku ana kioo kirefu chenye ufa, amekiegemeza kwenye nguzo wateja wajitazame miguu. Wateja wakikatika tu, anakiinua, anajificha nyuma ya raba zilizoning'inia, anapandisha fulana, kidole kinatembea kwenye picha, midomo inachezacheza. Ini. Nyongo. Wengu. Masomo yenyewe yalikuwa kwenye simu, sauti alizorushiwa na Sitara, ambazo kikundi kilikuwa kinatumiana, na nusu yake ni za Ghanim. Kwa hiyo wiki nzima adui yake alikuwa amelala sikioni mwake, anamwambia kwa upole: "Tukumbuke, jamani, ostomi ni tundu." Na yeye anaitikia kwa meno: "Ostomi ni tundu."

Yakaanza kumtoka hata kwa wateja. Dada mmoja alileta kiatu soli imeachia, Mbaruku akakigeuza juu chini. "Hiki dawa yake ni soli-ektomi."

"Kaka, siku hizi unaongea kama karatasi ya dawa ya kikohozi," Mudi akasema. "Si umwambie tu mkeo unampenda, yaishe?"

"Hujui kitu wewe."

"Najua. Unataka kumpiga mtu ngumi, umeishia kumeza kitabu chake."

Jumamosi ikafika. Mbaruku alivaa shati jeupe, akaongozana na Sitara mpaka Mchafukoge. Pale mlangoni moka zilikuwepo. Alivua viatu vyake akavichomeka katikati, kati ya moka na sandali za mkewe. Ndipo akaingia.

"Shikamoo, Bi Mauza."

"Marahaba, mwanangu. Kumbe mume ndo wewe. Karibu, kaa."

"Nasimama tu, mama."

Bi Mauza, mama mnene mwenye miwani na ungo wa mchele mapajani, akawatazama vijana wake. "Leo mbona mmenuna? Kuna nini?"

"Kuna mashindano, Bi Mauza," Clotilda akasema, keshakaa katikati ya mkeka kama refa. "Ghanim na huyu. Mimi nauliza."

"Wanashindania nini?"

Clotilda ndiye asiyeweza kunyamaza. "Wanashindania Sitara."

"Sitara si ana mume?"

"Mume ndo huyo."

"Sasa anashindania cha kwake?"

Clotilda alicheka mpaka akashika mdoli wa plastiki usianguke. Ghanim, masikini, alikuwa ameficha mkono wake wa piko chini ya mto wa kochi. "Shem, mimi kwa kweli sikujua kama..."

"Jibu maswali," Mbaruku akasema.

Wakaanza. Figo ikivimba? Nefraitisi, Mbaruku kawahi. Utando wa ubongo ukivimba? Meninjaitisi, Ghanim. Kutoa kidole tumbo? Apendektomi. Kumtoboa mtu koo apate pumzi? Trakeostomi, Mbaruku hata hakumngoja Clotilda amalize. Majina yalikuwa yanamtoka kama njugu kwenye kikaango, na kila moja alikuwa analirusha usoni kwa Ghanim. Hii ni ya kucheka kwenu. Hii ni ya skafoidi. Hii ni ya ile "Sitara ni noma".

Katikati ya raha hiyo macho yakampeleka kwa mkewe. Alidhani atamkuta anashangaa, labda anaona fahari. Sitara alikuwa amekaa karibu na mdoli, amelishika lile ini la plastiki kwa mikono miwili, kama mtu anayeaga. Uso umemshuka. Mbaruku aliona, na alielewa: kila jibu lake la kweli lilikuwa linamtoa mkewe kwenye sebule ile, siku mbili kabla ya mtihani. Akaelewa, na bado akasema, "Uliza jingine."

Maswali ya Clotilda yakaisha, wako sare.

Bi Mauza akaweka ungo chini. "Sasa mimi nitauliza moja. Wewe Ghanim nyamaza, hili unalijua. Namuuliza mgeni. Akilipata, kashinda."

"Sawa," Mbaruku akasema haraka.

Bi Mauza akajinyoosha, akaweka kiganja chake juu ya kanga, chini ya mbavu. "Mwaka fulani walinipasua hapa, wakatoa kitu. Nilifanyiwa nini?"

Mbaruku hakuwaza. Wiki nzima alikuwa anaitazama picha hiyohiyo, upande uleule, kidole kinatua hapohapo. "Splenektomi! Wametoa wengu!"

Bi Mauza akapangusa miwani kwa pindo la kanga.

"Wengu wangu ninao, mwanangu. Leo hii nimeamka nao."

"Kolesistektomi, shem," Ghanim akasema polepole, bila kujitapa hata kidogo, na bora angejitapa. "Nyongo. Hapo ni kulia."

"Kulia wapi?" Mbaruku akanyoosha kidole. "Mkono uko huku! Huku ni kushoto!"

Sitara akasimama, akaja mbele yake, akamtazama kama anayetafuta kitu kilichoanguka. "Ulikuwa unasomea wapi?"

"Mezani kwangu."

"Kwa kutazama nini?"

"Kioo."

"Umejisomea kwenye kioo!" Akamshika mabega, akamgeuza, akasimama naye uso kwa uso. "Kwenye kioo ini lako unaliona upande wa mkono wako wa kulia. Mimi nikisimama mbele yako hivi, langu liko wapi? Upande wa kushoto kwako. Mgonjwa akilala, kulia ni kulia kwake, si kwako wewe unayemtazama. Hilo ndo la kwanza kufundishwa, na Ghanim ndo aliyenisisitizia mimi, na mimi nilikuwa nalikosea kila siku."

"Angekuwa daktari huyu," Clotilda akaanza, machozi ya kicheko yanamtoka, "sasa hivi Bi Mauza hana wengu, na nyongo anayo!"

"Nyamaza wewe mtoto," Bi Mauza akasema, lakini naye tumbo lilikuwa linamtikisika. Kisha akamgeukia Mbaruku. "Sikiliza, baba. Huyu wangu nilimgombeza siku ileile kwa huo mkono. Nimemwambia akienda msikitini afiche, wasije wakamuuliza arusi lini. Kwa hilo hujakosea kuudhika. Lakini wivu ni chumvi. Watu wanatia kwa vidole viwili, wewe umemwaga kopo zima, na chungu chenyewe ni cha mkeo."

"Neno langu nimelitoa," Mbaruku akasema. "Someni."

Akatoka. Mlangoni akachukua sandali za Sitara, akaziondoa pale, akaziweka mbali kidogo, pembeni ya kandambili za Bi Mauza. Kisha yule mtu ambaye mwili wake haukai akakaa kwenye ngazi. Alikaa mpaka adhana ya Magharibi, anamsikia mkewe ndani anataja, anakosea, anarekebishwa na ile sauti ya kiume, anataja tena. Kila akirekebishwa Mbaruku anakunja vidole vya miguu. Hakupiga hodi. Hakukohoa hata.

Jumatatu Sitara alikuja sokoni moja kwa moja na sare yake ya chuo. Mudi akaacha kupanga mabegi. Mbaruku akaushika mswaki akasahau kusugua.

"Nimepita."

"Haki ya Mungu?"

"Nimepita! Mtahini kamlaza mtu pale, kaniambia onyesha ini. Mkono ukataka kwenda kulia kwangu. Nikakukumbuka na splenektomi yako mbele ya Bi Mauza, kidogo nicheke mbele ya mtahini. Nikajiuliza, kulia kwa nani? Nikauweka kulia kwa mgonjwa."

"Kwa hiyo nimesaidia."

"Umesaidia kwa kukosea."

"Kusaidia ni kusaidia," Mbaruku akasema, na Mudi akapiga makofi kule kwake.

Sitara akavuta kiti cha wateja, akakaa, akaanza kuchezea kamba za raba moja. Mbaruku anazijua dalili hizo. Kuna jambo.

"Wiki ijayo tunaanza wodini," Sitara akasema. "Wametupanga wawili wawili."

"Na nani?"

"Unamjua."

Mswaki ukaanza kufanya kazi, kwa nguvu kuliko soli ile ilivyohitaji. Mudi akajitia anatafuta kitu chini ya mabegi. Mbaruku akasugua, akasugua, kisha akainama chini ya meza, akatoa ile jozi nyeusi, akaipuliza vumbi, akaipitisha kwenye kitambaa, kiatu kimoja, cha pili.

"Mpelekee."

"Mbona ulisema havimtoshi?"

"Vimetanuka."

Sitara akavipokea, akaviweka kwenye mfuko. Alikuwa anajizuia kucheka, mashavu yamemjaa. Akasimama, akajitengeneza mtandio, akaanza kuondoka.

"Sitara."

"Abee."

"Huko wodini glavu zipo?"

"Zipo, tele."

"Vaa mbilimbili."